Kuomba Kiti Ulichokikalia

Hebu niambie, wewe unayesoma: umewahi kuambiwa uandike barua ya kuomba kiti ulichokikalia? Si kiti cha jirani, wala si kiti kilicho wazi. Ni kiti chenyewe hicho, na wewe uko juu yake, kimeshaujua uzito wako, na mguu wake mmoja umeuwekea kipande cha boksi kwa mikono yako ili kisiyumbe. Halafu mtu anakuja, anasimama mlangoni na funguo zake kidoleni, anakwambia andika barua, ujieleze kwa nini unadhani unakifaa.

Mjukuu wangu aliambiwa hivyo. Mimi hasira ile mpaka leo imenikaa hapa kooni, haipandi wala haishuki. Naomba niieleze polepole, maana nikiieleza kwa haraka nitavunja kitu, na vyombo vyangu vyenyewe vimebaki vichache.

Mjukuu huyu nyumbani tunamwita Kimya. Jina lake lipo kwenye cheti, zuri tu, lakini hilo la Kimya lilimkaa tangu siku aliyozaliwa. Mkunga alihangaika naye mpaka jasho likamtoka, na mtoto alipokubali kulia alilia kidogo sana, kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Mama yake, binti yangu wa mwisho, kazi ilimpeleka mbali, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi. Basi hakunisumbua hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Ukimuuliza unataka soda gani, anakujibu yoyote. Ukimuuliza paja au bawa, anasema lolote. Siku tuliyokwenda kumnunulia viatu vya shule, muuza viatu alimuuliza, "Mrembo, unataka vipi?" Akasema vyovyote. Yule bwana akamtolea vya kiume vilivyomdodea, vyenye ncha kama mtumbwi, na mtoto akavivaa mpaka soli ikaisha, hakusema neno.

Alisomea chuo mambo ya kutunza kumbukumbu, akamaliza vizuri, kisha akaingia hospitali yetu kwa kujitolea. Kujitolea ni neno zuri sana. Maana yake unafanya kazi yote, na siku ya mshahara unawaangalia wenzako wakitabasamu. Ukipata bahati unapewa nauli.

Walimweka dirisha la kadi. Kama hujawahi kuliona, ni chumba chembamba nyuma ya kioo, rafu za mafaili zimepanda mpaka darini, na kwenye kioo kuna tundu lililotobolewa chini mno, kwa hiyo kila mgonjwa, awe na mgongo mzima au mbovu, lazima ainame ndipo asikike. Aliyekuwa hapo zamani alistaafu, na hakuna aliyeletwa.

Sasa nikueleze utaratibu wa hapo, maana ndipo kila kitu kilipoanzia. Watu wanafika kabla dirisha halijafunguliwa. Mgonjwa hawezi kusimama muda wote huo, kwa hiyo anaweka kitu chake sakafuni kimshikie nafasi, yeye anakwenda kukaa benchi. Utaona mstari mzima hauna mtu hata mmoja: kandambili, chupa ya maji, mwavuli, jiwe, kofia, kandambili tena. Mimi naweka kifuniko cha chupa yangu ya chai. Enzi za yule mstaafu, dirisha likifunguliwa tu anapiga kelele, "Foleni!" Basi hapo hakuna foleni tena. Vitu vinapigwa mateke, wenye viwiko vigumu wanatangulia, na mwenye mguu wa kuvimba anabaki anatafuta kandambili yake chini ya benchi.

Kimya alipokuja, hakuhutubia mtu. Alinunua beseni la bluu. Kila asubuhi anatoka nje, anaokota vitu kuanzia cha mbele, anavipanga ndani ya beseni kwa mzunguko, kwa mpangilio ule ule vilivyokuwa sakafuni, anaingia nalo. Kisha anaita: "Kandambili ya kijani, ya kushoto!" Mwenyewe anainuka taratibu, anafika dirishani, anarudishiwa kandambili yake pamoja na faili. "Jiwe jeupe!" "Kifuniko cha chai!" Huyo ni mimi. Watu walicheka mwanzoni, wakazoea, sasa ukipita hapo huoni msukumano. Hata wazee wawili waliokuwa wakigombana kila mwezi nani kafika mwanzo, siku hizi wanagombana mambo ya mpira.

Basi mwezi ule nilikwenda kliniki yangu ya presha, nikaona karatasi mpya ubaoni. Nilisoma shule ya msingi tu, lakini kusoma nasoma, na ubao siupiti. Karani wa Kumbukumbu za Wagonjwa. Nafasi moja. Ajira ya kudumu. Mwombaji aandike barua kwa mkono wake, aeleze uzoefu wake.

Muuguzi aliyenipima aliangalia kipimo, akaniangalia mimi.

"Bibi, umekula chumvi?"

"Nimesoma tangazo," nikamwambia.

Nyumbani nilimsubiri mtoto aseme. Hakusema. Alikunywa chai, akaosha kikombe chake na changu, akakunja mtandio. Mimi nikasubiri; kusubiri nakuweza. Mpaka Jumamosi mchana, akaja mezani na karatasi zake na kalamu, akakaa upande wa pili wa ungo wangu wa mchele. Aliandika, akakata, akaandika. Mwisho akasema, "Bibi, nikusomee?"

"Nisomee."

Akasoma. Kwamba yeye ni binti mwenye afya njema. Kwamba ana uzoefu kiasi. Kwamba yuko tayari kufanya kazi yoyote atakayopangiwa, mahali popote, kwa masharti yoyote. Anaomba, anaomba sana, anaomba tena.

Nikaacha kuchambua.

"Barua hii ni ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Mbona mwenyewe hayumo? Na hizo naomba zote za nini? Mtu atadhani umevunja sahani ya watu. Beseni liko wapi?"

Akaangalia kalamu yake.

"La beseni nimempa mtu."

"Umempa mtu beseni?"

"Si beseni lenyewe. Maneno yake."

Nikamvuta kwa maneno kidogo kidogo kama unavyovuta uzi kwenye nguo, mpaka yote yakatoka. Katibu wa hospitali, yule wa funguo, alimwita ofisini. Huko Kimya alimkuta binti mmoja amekaa, kucha ndefu, simu mkononi, mtoto wa dada yake mke wa Katibu. Katibu akamwambia, "Msaidie mwenzako kuandika barua. Wewe unaijua kazi, yeye ndiyo kwanza anaanza maisha." Kimya akakaa, akaandika. Akaandika habari za beseni. Akaandika jinsi alivyotenganisha mafaili ya watu wenye majina yanayofanana, baada ya mama mmoja kukaribia kupewa dawa za mwenzake. Akaandika jinsi anavyoweka kando mafaili ya watoto wa kliniki siku moja kabla, ili mama asisimame na mtoto analia mgongoni. Kila kitu. Yule binti akanakili kwa mwandiko wake wa mviringo, akaweka manukato kwenye bahasha.

"Na wewe Katibu hakukuuliza kama unaomba?"

"Aliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, vyovyote mtakavyoona, Bosi."

Jamani! Niliinua ungo nikaushusha, mchele ukaruka. Kwamba mtu mzima, mwenye cheo, mwenye meza ya vioo, anamchukua msichana aliyefanya kazi ile bila malipo, anamkalisha chini, anamwambia fua nguo zako umvalishe mwenzako! Na huyu wangu naye anavua, anakunja, anampa!

"Umempa kama chumvi?" nikamuuliza.

"Aliomba, Bibi."

"Jirani akiomba chumvi unampa ya kijiko! Humpi mkebe, ukabaki unalamba mfuniko! Kaandike upya. Weka beseni. Weka mafaili. Weka yule mama wa dawa."

"Watasema nimenakili. Barua ya yule imeshafika."

"Mtu ananakilije maisha yake mwenyewe?"

Akachukua karatasi nyingine.

Nikamkumbusha, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu wa darasa la saba, kwamba barua ya kikazi ina anwani mbili, ya kwako juu kulia, ya unayemwandikia chini yake kushoto. Akacheka kidogo. "Hilo nalijua, Bibi." Sawa, alilijua. Lakini alipofika chini aliandika jina lake dogo, limejikunja pembeni kama sisimizi aliyemwagiwa maji. Nikamwambia aliandike tena, liwe na miguu. Akaliandika. Barua ikawa nzuri, nakwambia. Ukiisoma unamwona mtu. Isipokuwa mstari wa mwisho, aliokataa kuufuta: Nitashukuru kwa uamuzi wowote.

"Toa hiyo wowote."

"Ni heshima, Bibi."

Nikavuta ungo wangu. Mchele nao ulikuwa unanisubiri.

Siku ya mwisho ya kupokea barua iliangukia siku yangu ya kliniki. Kimya alitangulia asubuhi, akaiweka barua yake ofisini kwa Katibu kama wengine. Mimi nikafika na chupa yangu, nikaweka kifuniko sakafuni nyuma ya kandambili ya dereva mmoja mstaafu tunayefahamiana hapo benchi, mzee mrefu mwenye maneno mengi. Nikakaa.

Dirisha likafunguliwa. Nani kakalia kiti? Yule wa kucha. Kiti cha kipande cha boksi! Mjukuu wangu amesimama nyuma yake, anamwonyesha kwa kidole rafu hii na rafu ile. Yule binti ameanza kufundishwa kazi kabla barua hazijafunguliwa. Nilijisikia kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani kwake na viatu.

Kimya akatoka na beseni, akaokota vitu, akaingia, akamwekea mwenzake mezani. Yule binti akainua kandambili ya dereva kwa ncha za vidole viwili, akaishikilia mbali na gauni lake, akakaa nayo hivyo hivyo huku akisubiri kuambiwa la kufanya.

Ndipo Katibu alipotokea, anatembea kwa kishindo, funguo zinalia, karatasi mbili mkononi. Hakuingia ndani. Alisimama huku kwetu, mbele ya kioo, ili sote tuone.

"Wewe binti!" Alimnyooshea Kimya karatasi. "Nimekuamini umsaidie mwenzako, kumbe unamwibia? Barua nzima umeinakili! Huna hata aibu?"

"Sikilizeni wenyewe," Katibu akatugeukia sisi wa benchi, kana kwamba tulimwita. "Hii hapa ya mwenzake, ilifika mwanzo. 'Mgonjwa asiyeweza kusimama huacha kitu chake sakafuni. Mimi hukusanya vitu hivyo katika beseni kuanzia cha mbele, na humwita kila mtu kwa kitu chake, ili asiye na nguvu asipitwe na mwenye nguvu.' Mmesikia? Na hii ya huyu, hayo hayo!"

Kisha dereva mstaafu akakohoa.

"Samahani, kiongozi. Hiyo ya kwanza umesema ni ya nani?"

"Ya huyu binti aliyekaa."

"Huyu aliyekaa? Huyu ameshika kandambili yangu kama ameshika panya!"

Watu wakacheka mpaka mama mmoja mwenye ujauzito akashika tumbo. "Usituchekeshe, baba, nitajifungulia hapa! Mimi huyu dada ndiyo leo namwona."

"Mimi pia."

"Aliokota beseni wapi, ndotoni?"

Katibu akapiga kioo kwa funguo. "Kimya! Kimya!"

"Ndiye huyo amesimama," dereva akamwambia, "unamwita wa nini tena, mwache apumue." Maana jina hilo la nyumbani benchi zima walilijua, mimi huwa naongea nikisubiri.

Yule wa kucha akawa amejikunja kwenye kiti. "Anko," akasema kwa sauti ndogo, "nilikwambia uzisomee ofisini. Yeye ndiye aliyeniandikia. Mimi nilinakili tu, wewe ulisema ninakili."

Hapo kelele ikawa ya sokoni. Mlango wa chumba cha wauguzi ukafunguka, akatoka Metroni, mama mnene wa makamo, miwani kwenye paji la uso, bado ameshika kalamu.

"Kuna nini hapa? Hawa ni wagonjwa wangu wa presha, mnawapandisha presha halafu mniletee niwapime?"

"Ni jambo dogo, Metroni," Katibu akasema. Akazikunja zile karatasi. "Huyu kijana wa kujitolea amezua vurugu. Mwenyewe alishasema hana haja na nafasi, sasa leo ameleta barua ya kunakili."

Metroni akazichukua karatasi mkononi mwa Katibu bila kuomba, akashusha miwani. Akasoma ya mwandiko wa mviringo. Akasoma ya mjukuu wangu. Hakuharakisha. Kisha akamwangalia Kimya kupitia kile kioo.

"Wewe si ndiye wa beseni? Mbona kwenye kikao niliuliza, yule msichana wa dirishani ameomba? Nikajibiwa haombi, ameridhika na kujitolea."

Ameridhika! Hebu fikiri. Mtu anaamka kabla ya majogoo, anavaa gauni lile lile alilolifua jana, anakwenda kuinama na mafaili mpaka vumbi linamkohoza, anarudi anakunywa chai bila kitafunwa, na kwenye kikao chenye maji ya chupa mtu mwenye funguo anasema kwa niaba yake kwamba ameridhika. Nilihisi magoti yananiinua yenyewe. Nilikuwa na maneno, usidhani sikuwa nayo. Nilikuwa na ya Katibu, ya mke wake, ya dada wa mke wake na ya manukato ya bahasha.

Lakini Metroni alishainua mkono.

"Aliniambia vyovyote," Katibu akaingilia. "Nilimuuliza, akasema vyovyote. Niseme uongo?"

Na hilo, ole wangu, lilikuwa kweli.

Metroni akaigonga ile barua kwa kalamu. "Hata hapa umeandika uamuzi wowote. Binti, mimi nakaa kwenye meza ya kuchagua, mimi na mganga mkuu. Hapo hatuna fungu la wowote na vyovyote. Nakuuliza kwa mdomo, hawa wote wanasikia. Wewe unataka nini?"

Mtoto akanitafuta kwa macho. Nalijua jicho hilo. Ni lile la dukani, muuza soda akiwa amesimama na kifungua chupa, naye ananiangalia mimi niseme ya machungwa. Nikauma ncha ya mtandio wangu. Nikageuza uso, nikasoma lile bango la ukutani la kunawa mikono, neno moja moja, kuanzia juu. Jino langu bovu likaniuma, nikazidi kuuma.

Nilisikia, "Vyovyo..."

Ikakatika hapo. Nikageuka, nikamwona ameinama, ameichukua ile kandambili kwenye vidole vya mwenzake, ameirudisha kwenye beseni mahali pake, ya kwanza mbele. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akainama kwenye lile tundu la kioo, yeye naye kama wagonjwa, ili asikike.

"Naitaka kazi hii, Metroni," akasema. Sauti yake ilifika hadi benchi la mwisho. "Sitaki kumsaidia mtu aipate. Naitaka mimi, na mshahara wake, kila mwezi, kama wenzangu. Nimeitaka tangu siku ya kwanza niliyoingia humu. Na sasa hivi nataka dada huyu ainuke kwenye kiti changu, nikae, kwa sababu watu wanasubiri."